Mkemia Aliyeusoma Mteremko: Maisha na Kazi ya Geoffrey Milne

Mhadhara kwa wakulima wa magunia wa Kianda, Kibera, na wageni wao wa Kawangware



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya maisha ya mkemia wa kilimo, na katika wakemia waliopata kuishughulikia ardhi ya Afrika Mashariki nimemchagua Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuja Amani, katika milima ya Usambara, mwishoni mwa miaka ya 1920, akafariki mwaka 1942 angali katika umri wa nguvu. Sikumchagua kwa ajili ya serikali iliyomtuma, kwani serikali ile ilikuwa ya kikoloni, na haja yake ya kwanza katika ardhi hii ilikuwa mazao ya kuuzwa ng'ambo. Nimemchagua kwa kuwa alilitambua katika nchi zetu hizi jambo ambalo leo hufundishwa katika vyuo vya kilimo vya mataifa mengi, na kwa kuwa jambo hilo lina manufaa makubwa kwa kila mtu akaaye juu ya mteremko kama huu wa Kianda. Nalo ni hili, kwamba udongo hauhukumiwi peke yake, bali huhukumiwa pamoja na udongo ulio juu yake, na ulio chini yake, na mikono ya watu waulishao.

Ili kazi ya mtu huyu ifahamike kwa insafu, yafaa kwanza tukumbuke elimu aliyoirithi. Mintarafu ya udongo wanadamu wamefikiri tangu zamani: katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika Hispania ya Waislamu, alipoandika Kitab al-Filaha, kitabu chake kikubwa cha ukulima, alikifungua kwa mlango wa kupambanua udongo mwema na udongo dhaifu. Mwaka 1840 Mjerumani Justus von Liebig alitoa kitabu kilichouleta ukulima mbele ya mizani ya kemia, akaeneza kanuni ambayo mwenziwe Carl Sprengel alikuwa ameitaja kabla yake, kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile chakula kilichopungua kuliko vyote, hata kama vyakula vingine vimejaa tele. Mwaka 1843 John Bennet Lawes, huko Rothamsted katika Uingereza, akaanza majaribio ya mbolea mashambani ambayo mpaka leo hayajakoma. Tangu hapo mkemia wa kilimo akawa mtu wa maabara: huletewa udongo katika mfuko, huupima naitrojeni, fosforasi na potasiamu, huandika hesabu, kisha hutoa shauri.

Njia hiyo ina faida kubwa, na hapana mtu mwenye akili atakayeidharau. Walakini ina upungufu mmoja, nao ni kwamba mkemia afungwaye na mfuko aliouletewa ni kama kadhi aliyemsikiliza shahidi mmoja tu: huenda shahidi akasema kweli tupu, na hukumu ikapotoka vilevile. Mrusi Vasily Dokuchaev, katika kitabu chake cha mwaka 1883 juu ya udongo mweusi wa kwao, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba udongo ni kiumbe chenye maisha yake, huzaliwa kwa mwamba, hali ya hewa, mimea, wanyama, umbo la nchi na muda mrefu. Fikra hiyo ilihitaji kujaribiwa katika nchi za joto, zenye mvua za ghafula na miamba ya kale mno, na hapo ndipo Milne alipopata kazi ya maisha yake.

Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kuwa chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, juu katika msitu wa Usambara ya Mashariki, nyuma ya Tanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mahali pale palilala miaka kadhaa, hata mwaka 1927 Waingereza walipopafufua pawe kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Pale ndipo H. H. Storey alipofanya kazi juu ya maradhi ya muhogo, na pale pale Milne akapewa cheo cha mkemia wa udongo. Hebu tafakarini ukubwa wa amana hiyo: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nchi zenye theluji ya milimani, majangwa, mabonde ya moto na visiwa vya matumbawe, zikamtazama mkemia mmoja wa Amani azipangie udongo wake.

Milne hakujidai kuwa ataweza peke yake. Katika kila nchi palikuwa na wakemia wachache wa serikali, kila mmoja akiuita udongo wa kwake kwa jina alilolipenda, hata udongo wa namna moja ukawa na majina matatu, na udongo wa namna tatu ukaitwa kwa jina moja. Mwaka 1932 wakemia hao walikutana Amani, wakashauriana juu ya namna ya kuupambanua udongo wa Afrika Mashariki kwa lugha moja. Mkutano ule ndio uliozaa kazi kubwa ya mwaka 1936, yaani ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki, iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,000,000, ikafuatana na kitabu cha maelezo. Milne aliisimamia, akishirikiana na V. A. Beckley na G. H. Gethin Jones wa Kenya, W. S. Martin na G. Griffith wa Uganda, na L. W. Raymond. Aliiita ramani ya muda, na neno hilo lilikuwa la kweli, kwani alijua wazi kwamba nchi nyingi alizozipaka rangi zilikuwa hazijakanyagwa na mchunguzi.

Lakini katika kuitengeneza ramani hiyo Milne alipata mashaka makubwa kuliko ya majina. Kila alipojaribu kuipa nchi rangi moja, nchi yenyewe ilikataa. Mtu akitembea mwendo mfupi kutoka kilele cha kilima hata bondeni, ataona udongo mwekundu, kisha wa kahawia, kisha mchanga wa kijivu, kisha udongo mweusi mzito unaopasuka jua likiwaka. Akivuka bonde na kupanda kilima cha pili, ataukuta ule ule kwa mpango wa kurudi nyuma, mweusi, kijivu, kahawia, mwekundu. Na vilima vikiwa elfu, mpango hurudi mara elfu. Mchoraji angefanyaje? Akipaka rangi nyekundu amewadhulumu watu wa bondeni, na akipaka nyeusi amewadhulumu watu wa kilimani.

Jawabu la Milne, alilolichapisha mwaka 1935, lilikuwa kuacha kuutenga udongo mmoja na mwenziwe. Alisema kwamba kipande cha kuchorwa katika ramani ni mteremko mzima, na mfuatano wa udongo utokao kileleni hata bondeni ni kitu kimoja chenye viungo vingi. Akauita katena, kwa neno la Kilatini la mnyororo, kwa kuwa mfuatano ule, ukitazamwa kutoka kilima hadi kilima, huning'inia mfano wa mnyororo uliofungwa ncha zake juu ya nguzo mbili.

Sasa tazameni kemia iliyo ndani ya jambo hilo. Mvua inyeshapo kilimani haitui tu ikanywewa. Huyeyusha na kuchukua. Huchukua chokaa, magnesiamu, chumvi na silika iliyoyeyuka, ikashuka nazo chini kwa chini ndani ya ardhi, na juu ya ardhi huburura chembe nyembamba za udongo. Kileleni hubaki kile ambacho maji hayakiwezi, hasa chuma, na kwa kuwa hewa hupenya pale bila kizuizi, chuma hicho hushika kutu, nayo ndiyo rangi nyekundu tuionayo. Katikati ya mteremko maji husimama kwa msimu na kuondoka kwa msimu, rangi ikafifia. Bondeni maji hukaa, hewa hukosekana, chuma hupoteza wekundu wake, na yale yote yaliyochukuliwa kutoka juu huwekwa pale: chokaa hugandamana kuwa vijiwe vyeupe, na ufinyanzi huwa ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa hivyo umaskini wa kilele na utajiri mzito wa bonde ni habari moja, na asiyesoma ncha zote mbili hakusoma hata moja. Naye Milne hakusema kwamba kila mteremko una asili moja. Alieleza kuwa pengine mwamba ni mmoja na tofauti zimeletwa na maji, na pengine miamba yenyewe ni miwili, mmoja ukiwa juu na mwingine chini.

Maarifa haya hayakupatikana mezani. Kazi ya mchunguzi wa udongo ni kushuka shimoni: huchimbwa shimo refu kuliko kimo cha mtu aliyechutama, mchunguzi huingia, huukwangua ukuta kwa kisu mpaka tabaka zake zionekane zilivyo, huchukua donge kutoka kila tabaka, hulilowesha kwa maji kidogo na kulisokota baina ya vidole, aone kama litavunjika kama mchanga au litanyooka kuwa uzi kama ufinyanzi; kisha hudondosha tindikali, na donge likichemka kwa povu hujua kwamba chokaa imo. Shimo hilo halitoshi. Lazima lichimbwe jingine chini yake, na jingine chini zaidi. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 Milne alisafiri sehemu kubwa ya Tanganyika kwa kazi hiyo, na habari za safari ile zilichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Katika nchi ya Wasukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, mnyororo huu uko dhahiri kuliko mahali pengi, na wenyeji walikuwa wamekwisha kuugawa tangu zama za babu zao: luseni ni mchanga wa mteremko, itogolo ni ule ugumu ulio chini yake, ibushi una chokaa, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Kila jina lilikuwa na zao lake na msimu wake. Mkemia wa siku zile angaliweza kuyapuuza majina hayo akajitungia ya Kilatini. Kizazi cha Milne kiliyapokea, na neno mbuga likaingia katika vitabu vya elimu ya udongo. Tukimsifu mkemia, basi, ni wajibu wetu kumsifu pia mkulima aliyeushika udongo ule mkononi na kuupa jina kabla haujafika maabara.

Ziko kazi zake mbili nyingine ambazo napenda mzichukue majumbani. Ya kwanza ni juu ya Usambara ya Mashariki yenyewe, aliyoiandika mwaka 1937. Wajerumani walipouona msitu ule mnene katika miaka ya 1890 walidhani kwamba ardhi yenye miti mikubwa namna ile haina budi kuwa na rutuba isiyokwisha, wakafyeka, wakapanda kahawa, na baada ya miaka michache kahawa ikanyong'onyea. Milne alieleza sababu: udongo wa pale ulikuwa umeoshwa na mvua za dahari, ni mchachu na maskini, na utajiri wote ulikuwa ukizunguka katika majani yaangukayo, yaozayo, na yanywewayo tena na mizizi. Aliyefyeka msitu alikata mzunguko, na mzunguko ulipokatika hapakubaki kitu cha kulisha kahawa.

Ya pili, aliyoitoa mwaka 1938, inahusu Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria, na kwangu mimi ndiyo iliyo bora kuliko zote. Huko Wahaya wana kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lenye giza la majani na rutuba ya ajabu. Na nje yake pana rweya, uwanda wa nyasi usioweza kulisha hata shina moja la mahindi vizuri. Mgeni angedhani kwamba Wahaya walichagua udongo mwema wakajenga, wakauacha mbaya. La, hasha! Asili ya udongo ilikuwa moja. Tofauti ililetwa na watu, ambao kizazi baada ya kizazi walikata nyasi za rweya wakazitandika chini ya migomba, wakaleta samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, maganda na mabaki yote ya nyumba. Rutuba ya kibanja ilikuwa kazi ya mikono, iliyohamishwa kutoka uwandani hata mlangoni, na mkemia mwenye vipimo vyote vya maabara alipaswa kuinama mbele ya elimu hiyo.

Mwaka 1938 huo huo Milne alisafiri visiwa vya Karibi na Marekani kutazama udongo wa huko, na fikra ya katena ikapokewa na wapimaji wa udongo wa Marekani, ambao mpaka leo wanaitumia. Miaka minne baadaye akafariki. Mwaka 1948 kazi ya Amani ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Huku Kabete, ng'ambo tu ya Kawangware, palikuwa na maabara ya kilimo iliyoitwa Scott tangu zamani za Beckley, na pale pale, mwaka 1972, ukaanzishwa upimaji wa udongo wa Kenya, uliotoa mwaka 1982 ramani ya nchi nzima kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000. Tangu mwaka 1976 lipo Kabete jaribio la muda mrefu juu ya udongo mwekundu, ule ule ulio chini ya mabati ya Kawangware. Jaribio hilo limeonyesha kwamba shamba linalolimwa bila kulishwa hudhoofika mwaka hata mwaka, na kwamba mbolea ya dukani ikitumiwa peke yake huzidisha uchachu wa ardhi, ilhali samadi na mbolea zikiandamana huleta mavuno mema. Sababu mojawapo ni ile ile kutu ya chuma: katika udongo mwekundu huishika fosforasi na kuinyima mizizi, na mboji husaidia kuilegeza.

Sasa nageukia Kianda. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, vyakula vilipoadimika na bei kupanda, shirika la Solidarités lilieneza katika Kibera, mwaka 2008, kilimo cha magunia, nanyi mkakipokea na kukifanya chenu. Mnajua namna yake kuliko mimi: kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia, hujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi humwagwa pembeni, kopo huvutwa juu kidogo kidogo hata nguzo ya mawe ifike mdomoni ili maji yapenye mpaka chini, kisha gunia hutobolewa ubavuni, kila tundu mche wake. Gunia hilo ni kibanja kidogo. Maganda yenu, samadi ya mbuzi na ya kuku, na majivu ya jiko, vinafanya kazi ile ile iliyoistawisha Bukoba.

Lakini gunia halikutengwa na mteremko. Udongo uliomo ulichimbwa mahali, na maji mnayomwagilia yalipita mahali. Kianda inateremka kuelekea bonde la mto Motoine, ambao huingia Bwawa la Nairobi, na katika mteremko wetu mvua haichukui chokaa na silika tu. Huchukua pia betri zilizotupwa, rangi za karakana, majivu ya plastiki zilizochomwa, na uchafu wa vyoo. Petroli yenye risasi imeondolewa Kenya tangu mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua kandokando ya barabara kwa miaka mingi haiozi wala haiondoki yenyewe, na zaidi ya hayo, udongo uliochacha huiachia mimea kwa wepesi zaidi. Basi mwenye kuchota udongo wa gunia lake kando ya barabara au chini ya jaa, hata akiutia samadi njema, amechukua deni la mtu aliye juu yake na kulipanda mlangoni kwake, na deni hilo hulipwa na mtoto mdogo, kwani risasi hudhuru akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima.

Dawa yake si ngumu, na nusu yake mko nayo tayari. Udongo uchotwe mbali na barabara, majaa na karakana. Mboji iwe nyingi, kwa kuwa huishika risasi isipande katika mmea. Majivu ya kuni au chokaa kidogo yapunguze uchachu, kidogo nasema, kwani yakizidi mboga hugeuka manjano. Majani yaoshwe kwa maji safi, maana vumbi lililotua juu ya jani aghalabu hudhuru kuliko kilichopita mizizini. Na samadi ya mifugo iozeshwe barabara kabla haijaingia guniani.

Nusu ya pili hamna budi kuifanya pamoja, na hapa ndipo mafundisho ya Milne yanapotudai. Mtu mmoja akiupeleka udongo wa gunia lake kupimwa, atapata jibu la gunia moja. Ninyi chukueni sampuli tatu, moja kutoka kwa majirani wa juu kule Olympic, ya pili kutoka katikati ya Kianda, na ya tatu kutoka chini karibu na mto. Kila moja iandikwe mahali ilipotoka, tarehe yake, na kilicho juu yake, iwe karakana, choo au shamba. Zipelekeni Kabete, kwa maabara za taifa za utafiti wa kilimo ambazo kazi yao ni hiyo, mkaombe zipimwe uchachu, fosforasi na risasi. Wenzetu wa Kawangware wafanye hivyo kwa mteremko wao. Majibu yakirudi, yasomwe mbele ya watu wote, wa juu na wa chini wakiwa wamekaa pamoja, kwa kuwa mwenye gunia la chini hawezi kujilinda ikiwa mwenye karakana ya juu hajui anachomteremshia.

Hilo ndilo ombi langu kwenu. Kabla mvua za masika hazijaanza, chagueni watu wenu watatu wa kuchota sampuli hizo.